Ushahidi wa Jirani: Juu ya Kujifunza Historia ya Wahindu, Wabuddha na Wajaini

1. Utangulizi

Mombasa, katika Barabara ya Langoni, limesimama hekalu la Wajaini lililojengwa kwa marumaru. Dar es Salaam, katika eneo la Upanga, lipo hekalu la Wabuddha ambalo asili yake ni jumuiya ya Wasinhala waliofika kutoka Sri Lanka. Mahekalu ya Wahindu ni mengi zaidi, nayo yamo katika miji yetu mingi, ya pwani na ya bara. Hata hivyo, lugha yetu ya Kiswahili kwa muda mrefu ilitosheka na jina moja kwa wote hao: Baniani. Neno hilo lina asili ya Kigujarati, nalo lilitaja tabaka la wafanyabiashara, halikutaja imani. Miongoni mwa walioitwa hivyo walikuwamo Wahindu wanaomwabudu Vishnu, na walikuwamo Wajaini, ambao mafundisho yao hayamkiri Mungu aliyeumba ulimwengu. Sisi tuliwatia wote katika kapu moja, kisha tukawatungia methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Kiatu tulikifahamu, mwenye kiatu hatukumwuliza anaamini nini.

Makala haya hayakusudii kueleza mafundisho yote ya dini hizo tatu. Kazi hiyo yahitaji vitabu vingi. Twakusudia kuuliza swali moja la kihistoria: Habari za mapokeo hayo zimepatikanaje? Yaani, nani alitoa ushahidi, nani aliusikiliza, na ni mambo gani yaliyouharibu? Tutaona kwamba maarifa ya kweli yalianza kila mara pale mwenye dini alipopewa nafasi ya kujieleza kwa vitabu vyake, kwa mawe yake na kwa kinywa chake mwenyewe. Tutaona vilevile kwamba makosa makubwa yalitokea pale mtafiti alipomtazama jirani kana kwamba anajitazama katika kioo. Jambo hili halihusu wataalamu wa vyuo vikuu peke yao. Mchungaji asimamaye mimbarani na kutaja dini ya mtu mwingine amekwisha kuwa shahidi, naye yuko chini ya amri ya nane.

2. Ziegenbalg na kitabu kilichokawia

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba Wazungu hawakuwa wa kwanza kuichunguza dini ya Wahindu. Mnamo mwaka 1030 B.K. mwanachuoni Mwislamu al-Biruni alikamilisha kitabu kikubwa juu ya India. Alijifunza Kisanskriti na kuketi pamoja na wanazuoni wa Kibrahmani, naye alikusudia kuyaeleza maneno yao jinsi walivyoyasema wenyewe, kabla ya kuingia katika mabishano. Kanuni hiyo haijapitwa na wakati.

Kwa upande wa Kanisa letu, twaanza na mwaka 1706. Katika mwaka huo Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliotumwa na Mfalme Frederick wa Nne wa Denmark, walifika Tranquebar, katika pwani ya Watamil kusini ya India. Ziegenbalg alikuwa kijana wa miaka 24. Alijifunza Kitamil pamoja na watoto na walimu wa mahali hapo, akakusanya vitabu vilivyoandikwa juu ya majani ya mvumo, na kufikia mwaka 1708 alikuwa ameandika orodha ya vitabu zaidi ya mia moja alivyovipata. Agano Jipya kwa Kitamil, lililopigwa chapa mwaka 1715, ni tunda la juhudi hiyo. Habari hizo zafahamika kwa wengi wetu.

Habari isiyofahamika sana ni hii. Ziegenbalg hakuridhika kuvisoma vitabu tu. Aliwaandikia barua Watamil wenye elimu, akawauliza habari za miungu yao, ibada zao, sikukuu zao na sababu za kutoikubali dini ya Kikristo, nao wakamjibu. Kutokana na vitabu na barua hizo alitunga, mwaka 1713, kitabu juu ya nasaba ya miungu ya Kusini mwa India, akakipeleka Halle ili kichapishwe. Hakikuchapishwa. August Hermann Francke, kiongozi mkuu wa kazi ya Halle, aliona kwamba wamisionari walitumwa kuung'oa upagani, si kueneza habari zake katika Ulaya. Baadhi ya zile barua zilipata kutolewa katika taarifa za Halle, lakini kitabu chenyewe kilibaki katika hifadhi mpaka mwaka 1867, ndipo mmisionari Wilhelm Germann alipokitoa Madras. Imepita miaka 154 kati ya kuandikwa kwake na kuchapishwa kwake.

Tusimhukumu Francke kwa haraka. Hofu yake twaifahamu, kwa kuwa ingali inaishi miongoni mwetu: hofu kwamba kueleza vema dini ya mtu mwingine ni kuitangaza. Lakini tuangalie matokeo yake. Kwa karne moja na nusu Kanisa la Ulaya liliwaombea Watamil na kuwachangia fedha, huku likikosa kukisoma kitabu kilichoeleza kwa taratibu yale ambayo Watamil waliyaamini. Ziegenbalg mwenyewe hakuwa mtu wa kulegea katika imani. Alihubiri, alibatiza, na hukumu yake juu ya ibada ya sanamu ilikuwa kali. Pamoja na hayo aliona kwamba haiwezekani kuzungumza na mtu ambaye hujamsikiliza.

Hapa yupo uhusiano wa kweli na historia yetu. Chama cha Misioni cha Leipzig, kilichoirithi kazi ya Tranquebar katika karne ya 19, ndicho kilichofika Kilimanjaro mwaka 1893. Bruno Gutmann, aliyetumwa na chama hicho, aliandika kwa kirefu sheria na desturi za Wachaga, na kitabu chake juu ya sheria hizo kilitolewa mwaka 1926. Twaweza kubishana na Gutmann katika mengi. Lakini mambo mengi ambayo wazee waliyasema, na ambayo wajukuu wao wasingeyapata tena, yamehifadhiwa kwa sababu alikuwapo mtu aliyeketi akauliza.

3. Mawe yaliyopata sauti

Ikiwa habari za Wahindu zilianza kwa vitabu na barua, historia ya Wabuddha ilihitaji mawe. Kufikia karne ya 18 Ubuddha ulikuwa karibu umetoweka katika sehemu kubwa ya India, nchi ulikozaliwa, ingawa ulistawi Sri Lanka, Burma, Siam, Tibet, China na Japani. Katika India zilibaki nguzo ndefu za mawe zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Katika karne ya 14 Sultani Firuz Shah Tughluq aliihamisha nguzo moja mpaka Delhi, akawaita Wabrahmani waisome, wakashindwa. Maandishi yalikuwa ya wazee wao, lakini ufunguo wake ulikuwa umepotea.

Ufunguo huo ulipatikana mwaka 1837 kwa kazi ya James Prinsep, mtumishi wa kiwanda cha sarafu cha Kalkuta na katibu wa chama cha wanazuoni kilichoanzishwa na William Jones mwaka 1784. Njia yake yapasa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia. Prinsep alipokea nakala za maandishi mafupi kutoka stupa ya Sanchi, yaani kilima cha matofali na mawe kilichojengwa kwa ajili ya masalia matakatifu. Aliona kwamba karibu kila mstari ulikwisha kwa herufi zile zile mbili. Akawaza: katika mahali patakatifu watu huandika nini mara nyingi hivi? Huandika majina yao na sadaka zao. Basi neno la mwisho lapasa kuwa danam, yaani zawadi. Kwa herufi za neno hilo alianza kuzifungua nyingine, na kwa muda mfupi nguzo za Delhi na Allahabad zikasomeka. Hivyo mlango wa historia ya mfalme mkuu ulifunguliwa kwa majina ya wachangiaji wa kawaida.

Mfalme aliyesema katika nguzo hizo alijiita Piyadasi, mpendwa wa miungu. Ni nani huyo? Jibu lilitoka Sri Lanka. Huko George Turnour, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, alikuwa akizisoma tarehe za Kipali ambazo watawa wa Kibuddha walizitunza na kuzinakili kizazi baada ya kizazi. Katika tarehe hizo Piyadasi alikuwa ndiye Ashoka. Utambulisho huo ulithibitishwa mwaka 1915, maandishi yanayomtaja Ashoka kwa jina yalipoonekana Maski. Kwa hiyo jiwe la India lilieleweka kwa msaada wa kitabu cha Sri Lanka, na kitabu hicho kiliwafikia wataalamu kwa uaminifu wa watawa ambao majina yao mengi hayatajwi.

Amri ya 13 ya Ashoka iliyoandikwa juu ya miamba yaeleza vita vya Kalinga, ambamo watu 100,000 waliuawa na 150,000 walichukuliwa kutoka kwao, na majuto ya mfalme baada ya vita hivyo. Amri hiyo yataja pia wafalme watano wa Kiyunani, akiwamo Ptolemaio wa Misri na Magas wa Kirene. Kwa kuwa nyakati za wafalme hao zafahamika, Ashoka awekwa katikati ya karne ya tatu K.K., takriban mwaka 268 hadi 232. Hiyo ni nanga imara katika mpangilio wa miaka ya India ya kale.

Lakini nanga moja haiondoi mashaka yote. Mapokeo ya Sri Lanka yasema kwamba Ashoka alitiwa taji miaka 218 baada ya kufa kwake Buddha. Mapokeo mengine ya kaskazini yasema miaka 100. Kwa hesabu ya kwanza Buddha alikufa mnamo mwaka 486 K.K.; kwa hesabu ya pili, mnamo mwaka 368 K.K. Mwaka 1988 Heinz Bechert aliwaita wataalamu katika kongamano karibu na mji wa Göttingen kulijadili jambo hilo tu, na tangu hapo wengi wamelielekea jibu la katikati, yaani karibu na mwaka 400 K.K. Mwanafunzi asishangae. Mwaka wa kuzaliwa kwake Bwana wetu nao twaukadiria kwa kuangalia miaka ya Herode. Tofauti ya miaka si hoja dhidi ya dini yoyote. Ni wito wa kupima mashahidi.

4. Kioo badala ya dirisha

Twaja sasa kwenye makosa. Engelbert Kaempfer, tabibu Mjerumani aliyekaa Japani miaka ya 1690 hadi 1692, aliandika kitabu juu ya nchi hiyo kilichotolewa London mwaka 1727, baada ya kufa kwake. Humo alidhani kwamba Buddha alikuwa kuhani Mwafrika kutoka Memfisi ya Misri, aliyeikimbia nchi yake Waajemi walipoivamia. Sababu mojawapo ilikuwa nywele: sanamu za Buddha huonyesha nywele za vipilipili. Dhana hiyo ilirudiwa na wengine, hata William Jones aliielekea. Leo twajua kwamba nywele zile ni alama ya kidini katika uchongaji wa sanamu, na kwamba Buddha alikuwa wa ukoo wa Shakya, katika mpaka wa India na Nepal. Nguzo ya Ashoka iliyoonekana Lumbini mwaka 1896 yasema kwamba alizaliwa hapo.

Huenda baadhi yetu, kwa kuwa Waafrika, wangependa dhana ya Kaempfer iwe kweli. Ndiyo sababu twaitaja. Ushahidi wa uongo si lazima uwe tusi. Kumpa mtu sifa isiyo yake, au kumpokonya jirani mzee wake ili tumfanye wetu, nako ni kushuhudia uongo.

Kosa la pili latugusa sisi Walutheri zaidi. Katika karne ya 19 waandishi wengi wa Kiprotestanti walizoea kumwita Buddha Luther wa Asia. Waliuona Ubrahmani kuwa mfano wa Kanisa la Roma, lenye makuhani, sadaka na desturi nyingi. Nao wakamwona Buddha kuwa mtengenezaji aliyeondoa hayo yote na kumrudishia mtu dhamiri yake. Picha hiyo ilipendeza, lakini ilimvika Buddha joho la Wittenberg. Buddha hakuanzisha matengenezo ndani ya dini ya Veda ili kuirudisha kwenye kitabu chake. Aliyakataa madai ya Veda kuwa na mamlaka ya mwisho. Wala hakufundisha kuhesabiwa haki kwa imani. Alifundisha njia ya kuikomesha tamaa na mateso, na kiini cha jumuiya yake kilikuwa utawa, jambo ambalo Luther aliliacha.

Picha hiyo ilikuwa na athari katika utafiti wenyewe. Mwaka 1991 Gregory Schopen alitoa makala ambayo kichwa chake chenyewe kilitaja dhana za Kiprotestanti katika uchunguzi wa Ubuddha wa India. Hoja yake ilikuwa hii: Wataalamu walichukua kwamba dini ya kweli imo katika maandiko, na kwamba mambo yafanywayo na watu ni uharibifu wa dini hiyo. Kwa hiyo vitabu viliposema kwamba mtawa hamiliki kitu, na mawe ya Sanchi na Bharhut yakaonyesha watawa wengi, wanaume kwa wanawake, wakitoa sadaka za kujengea stupa, wataalamu walikiamini kitabu na kulinyamazisha jiwe. Kumbe kitabu chaeleza jinsi watawa walivyopaswa kuwa, na jiwe laeleza jambo ambalo mtawa fulani alilitenda.

Hapana budi tujipime katika jambo hili. Kanuni ya Maandiko peke yake ni kanuni ya imani yetu juu ya mamlaka katika Kanisa la Kristo. Haikutolewa iwe kanuni ya kuandikia historia ya Wabuddha, wala hata historia ya sharika zetu. Anayetaka kujua maisha ya usharika hutazama pia daftari la sadaka, makaburi na kumbukumbu za kikao cha wazee.

5. Wajaini na ushahidi wa mpinzani

Kati ya mapokeo hayo matatu, Wajaini ndio waliochelewa zaidi kusikilizwa. Sababu moja ni kufanana kwao na Wabuddha. Dini zote mbili zilistawi katika nchi za bonde la Ganga. Zote zina watawa. Zote zaikataa mamlaka ya Veda. Hata majina yaliwachanganya wataalamu. Mwanafunzi mkuu wa Mahavira, kiongozi wa Wajaini, aliitwa Gautama, na Buddha naye alikuwa Gautama. H. T. Colebrooke akadhani kwamba Buddha alikuwa mwanafunzi wa Mahavira. Christian Lassen na Albrecht Weber waligeuza mambo, wakasema kwamba Wajaini ni tawi lililokatika katika mti wa Ubuddha.

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa Hermann Jacobi, Mjerumani aliyekwenda India akiwa kijana, na mwaka 1874 akafuatana na Georg Bühler mpaka Jaisalmer, mji wa jangwani wenye akiba za kale za vitabu vya Wajaini. Katika utangulizi wa Kalpasutra aliyoitoa mwaka 1879, na katika tafsiri ya vitabu vingine mwaka 1884, alionyesha kwamba Ujaini ni dini ya asili yake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: aliwaita Wabuddha wawe mashahidi. Vitabu vya Kipali vyawataja mara nyingi Wanigantha na kiongozi wao Nataputta, ambaye ndiye Mahavira. Vyawataja kama wapinzani, wala havisemi popote kwamba ni kundi jipya lililotokana na Wabuddha. Zaidi ya hayo, vyampa Nataputta fundisho la nadhiri nne, ambalo kwa mapokeo ya Wajaini ni la Parshva, kiongozi aliyemtangulia Mahavira. Mahavira mwenyewe alifundisha nadhiri tano. Wabuddha, katika kosa lao, walishuhudia kwamba jumuiya ya Parshva ilikuwako tayari.

Wanafunzi wa theolojia waitambue njia hiyo. Tukisoma habari za Wakristo wa Roma katika kitabu cha Tacitus, ambaye hakuwapenda, twapata ushahidi wenye thamani hasa kwa sababu hakutaka kuwasaidia. Mpinzani huweza kukosea juu ya mafundisho, lakini hamtungii adui yake historia ndefu bure.

Mawe yaliongeza sauti yao. Ashoka, katika amri ya saba ya nguzo, awataja Wanigantha peke yao, mbali na Wabrahmani na jumuiya ya Wabuddha. Na katika miaka ya 1888 hadi 1891, kichuguu cha Kankali huko Mathura kilipochimbwa, yalionekana maandishi ya Wajaini ya karne za kwanza B.K. yenye majina ya matawi ya watawa. Bühler aliyalinganisha na orodha ya Kalpasutra, na majina mengi yakakubaliana. Orodha ambayo wengi waliidhania hekaya ilikuwa imetunza kumbukumbu ya kweli. Lakini Alois Führer, aliyeusimamia uchimbaji huo, alifichuliwa mwaka 1898 kwamba alikuwa akimpelekea mtawa mmoja wa Burma masalia ya uongo. Basi hata mkono uletao jiwe wapasa kuchunguzwa.

Wala tusidhani kwamba Wajaini wana sauti moja. Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, husema kwamba maandiko yao yaliwekwa katika hali yake ya mwisho katika mkutano wa Valabhi, Gujarati, katika karne ya tano B.K. Wadigambara, ambao watawa wao wa kiume huacha nguo zote, husema kwamba maandiko ya kwanza yalipotea, nao huheshimu vitabu vingine. Mwanahistoria hawezi kumchagua mmoja na kumnyamazisha mwenzake. Na kazi ya kuvitunza vitabu hivyo ilifanywa na Wajaini wenyewe. Mtawa Punyavijaya, aliyeishi kati ya mwaka 1895 na 1971, alitumia maisha yake kuzipanga akiba za Patan na Jaisalmer na kuandika orodha zake. Vivyo hivyo kwa Wahindu, wanazuoni wa Pune chini ya V. S. Sukthankar na waliomfuata walilinganisha hati za Mahabharata kutoka pande zote za India. Kazi iliyoanza mwaka 1919 ilikamilika mwaka 1966. Aliyefundishwa kulinganisha hati za Agano Jipya atawatambua kuwa ni ndugu zake katika kazi.

6. Jina na mamlaka

Limebaki neno Uhindu lenyewe. Kwa asili neno Hindu ni matamshi ya Kiajemi ya Sindhu, jina la mto, na kwanza lilimaanisha nchi na watu wake. Ni katika karne ya 19 ndipo lilipozoeleka kuwa jina la dini moja, likiwakusanya pamoja waabudu wa Vishnu, wa Shiva na wa Mungu Mke, pamoja na wanafalsafa wasiokubaliana katika mengi. Sensa zilizofanywa na Waingereza tangu mwaka 1871 zilimtaka kila mtu ajitaje kwa jina moja. Baadaye Wahindu wengi walilipokea jina hilo kwa moyo, na sasa ni lao. Hatuna haki ya kuwapokonya eti kwa kuwa asili yake ni ya kigeni. Wakristo nao waliitwa hivyo kwanza na watu wengine, huko Antiokia.

Lakini jina laweza pia kumfunika mtu. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika kifungu cha 25, yahesabu Wajaini, Wabuddha na Wasikh pamoja na Wahindu kwa mambo fulani, na sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 yawahusu wote. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, B. R. Ambedkar, aliyeongoza kuandikwa kwa katiba hiyo, aliingia Ubuddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu waliodharauliwa kwa ajili ya tabaka lao. Kwake historia ya Wabuddha haikuwa mambo ya makumbusho. Ilikuwa ushahidi kwamba India iliwahi kuwa na njia nyingine. Wajaini nao walingoja mpaka mwaka 2014 kutambuliwa na serikali kuu kuwa jumuiya ndogo ya kidini yenye haki zake.

7. Wajibu wetu

Ni nini basi kitupasacho katika vyuo na sharika zetu? Tusiseme kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia katika Uganda na kuwapa siku 90, hakuna aliyeulizwa kama yeye ni Mhindu, Mjaini, Mwismaili au Mkristo wa Goa. Jina la jumla lilitosha. Amri ile ilikuwa ya mtawala, lakini masikio ya watu wengi yalikuwa yamezoezwa kwa miaka mingi kulisikia jina hilo bila kuona nyuso. Mzaha wa sokoni na mahubiri ya ovyo vina sehemu yao katika mazoezi ya namna hiyo.

Kwanza, tutofautishe majina. Mhindi ni mtu wa asili ya India; Mhindu ni mfuasi wa dini. Mjaini si Mbuddha, na Mbuddha wa Upanga si Mhindu. Anayeyachanganya hayo darasani hajaanza kufundisha.

Pili, tuwasome mashahidi watatu kwa pamoja: kitabu, jiwe na mtu aliye hai. Mwanachuo aliyesoma sura nzima juu ya Wajaini, lakini hajapata kuomba ruhusa aingie katika hekalu lao na kumwuliza mzee wao kwa adabu, amesoma nusu. Paulo alipokuwa Athene alizunguka kwanza na kuziangalia ibada za mji, ndipo akanena.

Tatu, tuache kuwapima wengine kwa sura yetu, kwa kuwalaumu au kwa kuwasifu. Buddha hahitaji kuwa Luther ili astahili kusomwa.

Nne, tusiogope. Katika Katekisimo Ndogo Luther hakuiacha amri ya nane iwe katazo tu. Aliongeza wajibu wa kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Hakusema kwamba jirani huyo lazima awe wa usharika wetu. Kumweleza mtu kwa haki si kukubaliana naye. Tutaendelea kumkiri Kristo kuwa Bwana, na twajua kwamba katika neno hilo Mhindu, Mbuddha na Mjaini watatofautiana nasi. Lakini tofauti hiyo itakuwa ya kweli endapo kila upande umesemwa sawasawa. Ashoka naye alionya, katika amri ya 12 ya miamba, kwamba anayeikweza dini yake kwa kuikashifu ya mwenzake huidhuru iliyo yake mwenyewe.

Kitabu cha Ziegenbalg kilingoja miaka 154. Maktaba za vyuo vyetu zina rafu chache juu ya dini hizo, na mara nyingi vilivyomo viliandikwa ili kuzijibu, si kuzisikiliza. Tuanze na rafu hizo.